Njegere za Mkaguzi

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo wake umetokea upande gani wa Unyanyembe, hayo waulizeni wanawe. Mimi namjua kwa ukuta. Nyumba yetu na yake, kule nyuma ya stesheni ya Tabora, zilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, mfupi kiasi kwamba mama yangu na mkewe waliazimana chumvi bila kutoka nje. Mtaa mzima tulimwita Mkaguzi, kwa sababu alikuwa mkaguzi wa shule, na alipostaafu hakuna aliyethubutu kumvua cheo. Sasa nyumba imefungwa kufuli. Wanawe wamewachukua wote wawili Dar es Salaam, na mimi kila nikienda kwetu macho yananikimbilia ukutani kabla hata sijamwamkia mama.

Kustaafu kulimtoa ofisini tu, ukaguzi wenyewe ulibaki mwilini. Sokoni aligeuza nyanya moja moja, anainusa, anairudisha, anachukua nyingine, mpaka siku moja muuzaji, mama mwenye mdomo wake, akamwambia, "Mzee, unanunua au unazisahihisha?" Alikagua mitaro yetu mvua zikikaribia. Alikagua paa la msikiti. Adhana ikitoka alitazama saa ya mkononi, na muadhini akiwa sawa aliitikia kwa kichwa kumruhusu aendelee. Sisi watoto tukimwamkia, "Shikamoo baba," alijibu, "Marahaba. Kucha." Tunanyoosha mikono yote miwili, anatazama, halafu ndipo tunapita.

Kila kitu alikipa alama, na hakuwa na alama nyingi: hairidhishi, wastani, inaridhisha, basi. Pilau ya harusi, wastani. Mawaidha ya Ijumaa, wastani, "ila yamerefushwa bila sababu." Maandazi ya mama yangu aliwahi kusema yanaridhisha, na mama yangu, ambaye kwa kawaida si mtu wa kujisifu, aliwasimulia wageni sifa hiyo mpaka tukaona haya. Lakini yeye mwenyewe usimkague! Baiskeli yake ilikuwa chafu kuliko zote mtaani, mnyororo unalia unausikia toka relini. Na wale walimu wakuu waliokuwa wakirekebisha tai zao wakiusikia mnyororo ule, laiti wangejua kwamba mwenye baiskeli naye ana mtu wa kumnyoosha. Mlango wa jikoni kwake ukibamizwa, Mkaguzi aliacha sentensi katikati.

Aliyekuwa anaubamiza ni mkewe, Mama Mkaguzi, mwanamke wa Puge, mrefu, mkono mwepesi wa kupika na ulimi mwepesi zaidi. Kisamvu chake cha karanga kilikuwa na wateule wake, watu wazima walibuni sababu za kupita saa saba mchana. Wawili hawa hawakuwa watu wa kuitana mpenzi. Walitaniana na kuzozana kutwa nzima, na mizozo yao ilikuwa mitamu, nyumbani kwetu tulizima redio tuisikilize. Kulikuwa na mzozo mmoja tu ambao haukuwa wa mchezo. Huo ulihusu njegere.

Hapa inabidi nieleze, maana mtu asiyejua atadhani natania. Kabla mimi sijazaliwa serikali ilimpeleka Mkaguzi Uingereza kusoma, mji mmoja wa kaskazini, mji wa viwanda na mvua, akakaa huko miaka kadhaa. Wengine waliokwenda huko walirudi wanaongelea puani na ugali hawautaki. Yeye alirudi anakula ugali vilevile, anasema Kiswahili chake kilekile cha Tabora, ila amerudi na tamaa ya chakula kimoja: njegere kavu zilizochemshwa mpaka zikavurugika zikawa rojo zito la kijani. Wenyewe wanaziita mashi pizi. Si chakula cha sherehe, alituambia. Ni chakula cha watu wa kawaida, cha mtu aliyetoka kiwandani amelowa, mikono imekufa ganzi, anataka kitu cha moto cha kumtuliza. Wanakula na samaki na chipsi, au na mkate, au bakuli na kijiko tu, mtu amekaa karibu na moto hasemi na mtu.

Alizipika mwenyewe, na mwanamume wa rika lake kuonekana anapika mtaani kwetu ilikuwa sinema. Jiko lake la mkaa aliliweka uani, mbali na himaya ya mkewe. Njegere zinalowekwa tangu jana yake na kipande cha magadi, haya haya magadi tunayolainishia maharage. Wazungu wanatia unga mweupe wa dukani, na yeye alipouonja mara ya kwanza aligundua ni jamaa yetu. "Ni magadi tu," alisema, "ila yamesoma." Asubuhi anaziosha, anazibandika, moto mdogo, anakaa kwenye kigoda na mwiko wake. Ukimwuliza kwa nini asiziponde zikaisha haraka, anakuwa mkali kweli. "Hazipondwi! Zinaachwa zichoke zenyewe." Mwisho chumvi, na kwa kuwa siki ya kule hakuipata, alikamulia ndimu. Harufu ilikuwa nzuri, tusimsingizie. Rangi ndiyo iliyotushinda.

Mtaa ulibishana miaka na miaka kama ile ni mboga au ni uji. Kama ni mboga, mbona hataki kuila na ugali? Kama ni uji, ndimu ya nini? Baba yangu alishikilia kwamba ni mlenda uliokosewa. Siku moja kwa heshima ya ujirani akachota vijiko viwili vitatu, akatafuna kitu ambacho hakitafuniki, akarudi nyumbani akasema, "Si mbaya. Ila inataka uwe na huzuni kwanza." Mkaguzi aliposikia hakukasirika. Alisema baba yangu ni mtu wa kwanza Tabora kukielewa chakula kile.

Ramadhani ndiyo ilikuwa kasheshe. Kwetu wanaume hawafuturu ndani. Jua likiinama mikeka inatandikwa nje, kila nyumba inatoa sinia lake, wanakula pamoja, na mpita njia anavutwa mkono akae. Wanawake tuko ndani, lakini hakuna tusilolijua, kwa sababu sahani zinarudi. Sahani iliyorudi tupu ni sifa ya mpishi. Iliyorudi nusu, kesho yake unaulizwa na majirani, kwa huruma ya uongo, kama jana ulikuwa unaumwa. Sasa mfikirie Mama Mkaguzi, fundi wa kupika, sahani ya rojo la kijani inatoka mlangoni kwake mbele za watu, na inarudi vilevile, imechotwa upande mmoja tu, upande wa mumewe! Siku ya kwanza alipiga kelele mpaka muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza nani amefiwa. "Utaniulia jina! Watu watasema nimerukwa na akili!" Kuanzia siku hiyo ikawa sharti: kabla ya kuweka sahani mkekani, Mkaguzi asimame atangaze, "Hii nimepika mimi, mke wangu hahusiki." Na alikuwa anatangaza, mtu mzima na miwani yake, Ramadhani hadi Ramadhani. Vijana waliingoja kauli ile kuliko tende.

Ungemwona katika kuzitafuta hizo njegere ungemhurumia. Alikuwa na shamba Itetemia, akaamua azipande. Kila mtu alimwambia, mzee, njegere ni za kwenye baridi, za Lushoto, za Mbeya, hapa utazichoma. Hakusikia. Alizisimikia vijiti, akazifungia kamba, na kila jioni akapanda baiskeli kwenda kuzitazama. Zikaota. Zikachanua, maua meupe mazuri haswa. Halafu jua la kwetu likafanya kazi yake. Alirudi jioni moja na vitawi vikavu mkononi, akamwonyesha baba yangu juu ya ukuta, akasema, "Zilijitahidi." Baba alimpa pole kabisa, pole ya msiba.

Baada ya hapo akasikia kwamba Ulyankulu wapo watu wenye asili ya Burundi ambao njegere wanazijua tangu kwao. Akapanda basi akaenda. Alirudi na mfuko wa njegere kavu na sifa nyingi za mama mmoja, mjane, aliyempikia njegere na mawese. "Sikudhani," alisema. "Mawese! Inaridhisha." Aliyasema haya uani, kwa sauti, mwanaume asiyejua kujilinda.  Halafu tukasikia toka jikoni, taratibu kabisa, "Haya. Uingereza mmoja, Ulyankulu wa pili. Ukifa wewe itabidi tukodi basi kuwaleta matangani." Mama yangu alicheka akashikilia ukuta.

Kwa sababu Mama Mkaguzi, mnielewe, hakuwahi kuzionja njegere zile. Si kijiko, si ncha ya kidole. Na kisa chake, kile ambacho mtaa wote ulikijua, kilikuwa aproni.

Mkaguzi aliporudi toka Uingereza mkewe alifungua sanduku atoe nguo za kufua. Katikati ya mashati akakuta aproni ya kike, ya maua ya bluu, imefuliwa na kupigwa pasi. Akaiinua. "Hii ya nani?" Naye akajibu bila wasiwasi wowote, "Ya mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga. Amenipa siku ya kuagana, niwe napikia." Alisema kweli tupu. Miaka ya kule ilikuwa imemsahaulisha kwao. Kwetu sisi nguo ya kujifunga kiunoni mwanamke haitoi ovyo. Kanga yako unampa mama yako, shoga yako, binti yako. Mwanamume asiye wako akionekana nayo, hakuna anayeuliza swali la pili. Angerudi na picha amekumbatiwa na Mzungu, labda ingezungumzika. Yeye kaja na nguo ya kiunoni, na kesho yake kaifunga, kasimama uani, anapika chakula cha mwenye nguo! Makubwa.

"Mke wangu, yule ni bibi kizee, hata meno ya mbele hana."

"Wakisimuliwa wote ni vikongwe."

Aproni haikumaliza mwezi. Mama Mkaguzi aliikata vipande akawa anaepulia sufuria, na mumewe, mtu wa kukagua mpaka kucha za watoto wa watu, alipita akaona akanyamaza. Lakini njegere hakuziacha. Kila alipopika, bakuli la kwanza halikuwa lake. Alilipeleka jikoni, akaliweka karibu na mkewe, akatoka bila neno. Na kila alipotoka, mkono mrefu ulilipitisha bakuli juu ya ukuta kuja kwetu. "Chukueni, wapeni kuku." Kuku mwenyewe nilikuwa mimi. Nilizila nimesimama palepale, zingali moto, na nilizipenda, na mpaka leo nikiwa nimechoka au nimeumizwa na mtu nazitamani kuliko pilau. Mama yangu anasema nimerogwa.

Nilipopata nafasi ya chuo cha uuguzi Mwanza, Mkaguzi aliniita siku mbili kabla sijaondoka. Nilidhani ananipa nasaha za masomo. Alinikalisha kwenye kigoda chake, mwenyewe akakaa kwenye debe, akakoroga sufuria.

"Utalia," alisema. "Usione aibu. Mimi nililia na nina ndevu." Kisha akanisimulia Ramadhani yake ya kwanza kule. Ilikuwa majira yao ya jua, na jua lao halijui kuzama, linaning'inia tu mbinguni mpaka watu wanakwenda kulala. Alikuwa peke yake chumbani, amefunga, ana njaa, mvua inanyesha na jua linawaka hapohapo. Siku ya nne hivi akapanga begi lake arudi nyumbani, liwalo na liwe. Yule bibi akagonga mlango. Alikuwa ameona mpangaji hashuki kula, akadhani anaumwa. Mkaguzi akajaribu kumweleza mambo ya mfungo kwa Kiingereza chake cha vitabuni.  Jioni bibi alibandika njegere, akazifunika, akaleta viti viwili dirishani, akakaa naye.

"Hakuniuliza dini yangu, hakuniuliza kwetu wapi. Tulikaa tunalitazama lile jua mpaka likaisha. Halafu akapakua. Na kila siku akawa anakaa hivyo, mpaka Idi." Alipuliza mkaa. "Nilipomeza kijiko cha kwanza nikasema, basi, sirudi, nitamaliza. Na nikasema nikifika nyumbani nitampikia mke wangu. Nimekuwa nampikia."

"Lakini hazili, baba."

"Hazili," alisema. "Tuendelee."

Mimi na ujana wangu nikaona nimepata ufunguo. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mkaguzi, nikamkuta barazani anachambua mchele. "Mwangaluka, mama," nikamwamkia kwa lugha yake nimlainishe. Akaitikia, akanitazama kwa jicho la kuniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia yote. Kwamba bibi alikuwepo kweli, kweli alikuwa kizee, na aproni ilikuwa zawadi tu ya mtu mzima kwa mpishi wake mwanafunzi.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Tangu mwaka ule. Unadhani mwanamke hajui? Kama mumeo amepata mtu unajua kwa anavyokoga." Aliendelea kuchambua, chuya zinaruka. "Mwanangu, mimi niliachwa Puge kwa mama yangu, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Yule wa tumboni alikaa wiki akaondoka. Tulimzika mimi na mama. Habari ilipomfikia mwenzangu arobaini ilikwisha zamani. Akaandika pole, karatasi moja. Sawa, angefanyaje, ndege si baiskeli. Kisha anarudi, amenenepa, kitu cha kwanza ananisimulia jinsi alivyokuwa na upweke na jinsi alivyopikiwa na bibi wa watu akakaa naye dirishani." Hapo ungo ulisimama. "Mimi nani alikaa na mimi? Huyo bibi namshukuru, Mungu amrehemu. Lakini nikizila zile njegere ni kama nasema yamekwisha. Hayajakwisha."

 Nilimuuliza tu kama amewahi kumwambia mumewe maneno hayo.

"Yeye si mkaguzi?" alisema. "Akague."

Niliondoka Tabora na maneno hayo kifuani, na kwa miaka mingi nilikuwa kila nikija likizo nachungulia ukuta kwanza. Niseme ukweli, nilikuwa natafuta bakuli. Niliomba siku moja nikute limeliwa. Sikukuta. Nilikuta nywele zimekuwa nyeupe pande zote mbili, na baba yangu ametangulia mbele ya haki, na Mkaguzi anazisoma habari za gazeti kwa sauti ili mkewe asiyetaka kusikiliza asikilize. Nilikuta bakuli linapelekwa jikoni, linawekwa, linarudi. Walikuwa wameshazoea. Wakati mwingine nilihisi kwamba huyu analipeleka na mwenzake analirudisha kama watu wengine wanavyosali.

Mara ya mwisho kuwakuta ilikuwa baada ya mvua za vuli. Mama alikuwa amenieleza kwenye simu kwamba Mama Mkaguzi anasahausahau, nikadhani mambo ya uzee tu, funguo na miwani. Nilipopita mlangoni kwao alasiri alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, kanga mbili safi, kitambaa kichwani kimefungwa upande, kazi ya mkono wa mwanamume. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." Akatabasamu tabasamu la mgeni. "Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?" Ukuta wetu ulikuwa nyuma yangu hatua chache. Nilijikaza nisilie mbele yake.

Mkaguzi alikuwa jikoni. Jikoni kwa mkewe, si kwenye jiko lake la uani. Alitoka na bakuli, akaniona, akafurahi, hakuomba hata kuona kucha zangu. Akakaa kwenye mkeka, akachota kijiko, akakipuliza, akampelekea mkewe mdomoni. Naye akafungua mdomo akala. Akala tena. Njegere! Anazila, anaramba mdomo, anangoja kijiko kingine.

Mimi nikasahau yote nikapiga kelele za furaha. "Baba! Mama anakula mashi pizi!"

"Anakula," alisema. "Kila siku. Anazipenda kuliko uji."

Hakuinua macho. Nikaona kwamba mtu niliyemjua, mtu wa kushangilia nyanya nzuri, hana furaha hata chembe.

"Mwanangu, nilikuwa najua," alisema. Aliongea polepole, kijiko kinakwenda na kurudi. "Watu walidhani ni ile aproni. Mimi nilijua ni mtoto. Sikuweza kulisema. Ningelianzia wapi? Nikawa napeleka bakuli. Nilikuwa nasema, akilikubali siku moja, ndiyo amenisamehe. Akilikataa, haki yake, nitapika tena. Sasa amelikubali." Alimfuta mkewe kidevu kwa kitambaa. "Hajanisamehe. Amesahau cha kunisamehe. Nampikia, anakula, ananishukuru, asante baba, asante sana, kama nimemsaidia njiani. Ningempata yule aliyekuwa anawapa kuku wenu, ningemwambia kwa mdomo, si kwa bakuli. Nimechelewa."

 Kazi yangu ni hiyo, nimekaa na wagonjwa na watu wao miaka yote hii, na hilo hakuna aliyenifundisha. Nilishika mkono wa Mama Mkaguzi nikawa naukanda vidole. Alikuwa ananitazama, kisha anamtazama mumewe, kisha kile kijiko. Akakizuia kwa mkono.

"Wewe," alisema, "si ndiye uliyekwenda Ulaya?"

Mkaguzi akakirudisha kijiko bakulini.

"Ndiye mimi."

"Ukaniacha kwa mama."

"Nikakuacha, mke wangu."

"Na mtoto akafa."

"Akafa. Ukamzika peke yako, mimi sikuwepo." Sauti ilimkatika, akaivuta tena haraka haraka, mtu anayeliona basi linaondoka. "Nisamehe. Mama wee, nisamehe. Sikukwambia siku ile, sikukwambia siku zote. Nisamehe."

Mkewe akamtazama. Lile jicho nililijua, jicho la barazani na ungo wa mchele. Akalisukuma bakuli kwa kiganja, njegere zikamwagika kwenye mkeka.

"Sili," alisema. "Ngoja kwanza nifikiri."

Na Mkaguzi akaanza kucheka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye miwani, akazizoa njegere kwa vidole, akanigeukia, "Umemsikia? Amekataa! Umemsikia, mwanangu?" Nikamwambia nimemsikia. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akajisogeza mkekani mpaka magoti yao yakagusana.

"Fikiri, mke wangu," alimwambia. "Fikiri taratibu. Mimi sina safari."